Msimu wa Jenerali Burdick Mezani Kwangu

Jumatatu, 8 Septemba 1919
Bwana Tibbets wa halmashauri ya chuo alipita asubuhi, kabla unga haujaumuka, kunieleza kwamba wamempata kocha wa timu ya mpira. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Tibbets havui kofia hata kanisani mpaka mchungaji amkazie macho, kwa hiyo nilijua kabla hajamaliza. Nikamwambia, "Ni yeye." Akasema, "Ni yeye, Mama Krantz. Jenerali Burdick. Na atakula hapa pamoja na vijana kama zamani, isipokuwa wewe ukikataa."

Sikukataa. Vijana wa timu wamekula kwangu tangu mume wangu alipofariki, na mji wote wa Wexley unaijua meza hii. Ukimnyima mtu mmoja chakula watu watauliza sababu. Na sababu yenyewe wanaijua. Emil wangu yuko Ufaransa chini ya ardhi, mwaka mmoja kasoro mwezi, na aliyempeleka huko ni mtu huyo.

Konrad, mdogo wake Emil, aliposikia aliruka ngazi za mbele zote kwa mara moja. Ana miaka ishirini. Anasema kocha aliyemfanya kaka yake kuwa nahodha sasa atamfundisha na yeye. Nikamtuma akapasue kuni.

Jumanne, 9 Septemba
Joto. Mahindi ya jirani zetu kina Upham yamekauka majani. Nettie Upham amekuja kunisaidia kumenya viazi na hakulitaja jina la Burdick hata mara moja, jambo ambalo kwa Nettie ni kazi kubwa.

Ijumaa, 12 Septemba
Amekuja. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu mnene mwenye mabega, kama alivyoondoka. Aliyeingia ni mzee. Ana miaka arobaini na miwili na shingo yake inaogelea ndani ya kola. Anatembea na bakora na anakohoa kikohozi kirefu kinachoanzia miguuni. Vijana wote walisimama. Mmoja akasema, "Karibu, Jenerali," naye akasema jeshi limekwisha kumvua ujenerali, waseme kocha tu.

Kwangu alisema, "Mama Krantz." Basi. Akangoja. Nikamwonyesha kiti cha mwisho, karibu na dirisha linalopitisha baridi.

Jumapili, 14 Septemba
Mchungaji alihubiri juu ya msamaha. Nina hakika Nettie alimwomba.

Nimeona niandike ninayoyajua juu ya mtu huyu, ili nikimchukia nimchukie kwa haki. Baba yake alikuwa mhunzi huko Ohio. Alisomea uaskari, akaenda kupigana Ufilipino, akarudi luteni mwenye homa za kupanda na kushuka. Mwaka 1908 jeshi lilimleta hapa Wexley kuwafundisha wanafunzi gwaride. Timu yetu ya mpira, huu wa kubeba mikononi na kuvuka nao mstari wa wapinzani, ilikuwa haijashinda mechi kwa miaka miwili na haikuwa na kocha. Akaomba aifundishe jioni, gwaride likiisha. Watu walicheka. Lakini alikuwa na jicho. Emil alikuwa na miaka kumi na minane, mzito wa kusema, na hakuna aliyejua kama ana mbio. Burdick alimwona akikimbiza nguruwe wetu aliyetoroka, akamwambia jioni hiyo aje uwanjani. Akampa mpira aubebe. Kwa misimu minne walishindwa mara tano tu, na mwaka wa mwisho Emil ndiye alikuwa nahodha.

Kisha jeshi likamwita Burdick kwenye mpaka wa Meksiko, na baadaye Ufaransa. Huko alipanda ngazi mbiombio: meja, kanali, na hatimaye nyota ya jenerali na brigedi nzima chini yake. Kabla ya kuvuka bahari aliwaandikia vijana wake wa zamani. Emil wakati huo alikuwa mwalimu wa hesabu. Alinisomea barua ile hapa jikoni, ilikuwa mistari miwili: vita vimefika, na nataka kuwa na watu ninaowajua. Tisa walikwenda. Watano hawakurudi.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Namna Emil alivyokufa siijui. Barua ya jeshi ilisema "kwa ushujaa."

Jumatano, 17 Septemba
Mvua. Mkate umegoma kuumuka.

Jumatatu, 22 Septemba
Imefika karatasi kutoka serikalini. Wanauliza kama nataka mwili wa Emil uletwe nyumbani au ubaki kule alikozikwa. Nitie alama kwenye kisanduku kimoja, nisaini. Nimeiweka ndani ya Biblia.

Ijumaa, 26 Septemba
Nilikwenda kuwaangalia wakifanya mazoezi, nikasimama nyuma ya uzio. Hapigi kelele kama zamani, hana pumzi ya kelele. Vijana wanamkaribia wamsikie, wanainama kama wanaomsikiliza mgonjwa. Alimshika Konrad mkono wa kulia akaubana mpira kifuani pake, akamfanya akimbie hivyo mara thelathini. Konrad akirudi kila mara anacheka. Ana kicheko cha Emil. Nilikuwa sijalitambua hilo mpaka nilipokisikia kwa mbali.

Jumamosi, 4 Oktoba
Tumeshinda, kumi na tatu kwa bila. Konrad alivuka mstari mara moja. Wamekula kuku kumi na mmoja.

Alhamisi, 9 Oktoba
Leo ni mwaka.

Burdick hakuja kula, asubuhi wala mchana. Nilifurahi. Halafu saa kumi alasiri nikaenda kanisani kuwasha mshumaa, nikamkuta amekaa benchi la nyuma, bakora sakafuni, mikono juu ya magoti. Hakunisikia nikiingia. Nilitoka bila kuwasha.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemhamisha kiti. Dirisha lile baridi yake ingemmaliza mtu mzima wa afya. Nimewaambia wote kwamba nahitaji nafasi kwa ajili ya ndoo ya makaa.

Jumamosi, 18 Oktoba
Saa za mchana nilikuwa nakoroga supu Nettie alipoingia bila kubisha. Alisema, "Yuko hai, Dora. Nakuambia kwanza yuko hai."

Walimleta Konrad juu ya ubao wa mlango. Katika mechi, watu watatu walimwangukia, na goti la mmoja likampata juu ya sikio, na kofia ile ya ngozi haizuii kitu. Alilala uwanjani dakika nne. Alipofumbua macho hakujua siku. Nilimuuliza tunaishi barabara gani, akataja barabara tuliyokaa akiwa mtoto. Kisha akaniuliza Emil yuko wapi.

Nikamjibu kwamba Emil yuko kazini.

Burdick alisimama kando ya mlango, tope mpaka magotini, kofia kifuani. Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Akatoka. Baadaye nilipokwenda kumwaga maji nikamkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma katika manyunyu. Hakuondoka mpaka daktari aliposhuka na kusema mtoto ametaja jina la barabara sahihi.

Jumapili, 19 Oktoba
Ametapika mara mbili. Anajua siku.

Jumatatu, 20 Oktoba
Amekula mkate na maziwa. Mapazia nimeyafunga, mwanga unamuumiza.

Alhamisi, 23 Oktoba
Daktari anasema kichwa kikiacha kuuma, wiki tatu zikitimia tangu aumie anaweza kucheza. Nilimuuliza, na akigongwa tena? Akasema mtu anaweza kugongwa na gari la farasi pia. Sipendi madaktari vijana.

Jumatatu, 27 Oktoba
Nataka niandike haya yote leo, kabla sijaanza kuyapamba.

Baada ya chakula cha mchana vijana walikwenda darasani. Burdick alibaki mezani maana kikohozi kilikuwa kimemkamata. Nilikuwa na kapu la matufaha ya kumenya. Akavuta kisu cha pili akaanza kumenya na yeye, maganda marefu yasiyokatika, mikono yake bado imara. Tulimenya kama matufaha kumi. Ndipo nikaenda kuitoa ile karatasi ya serikali nikaiweka mbele yake. Nikamwambia, "Nataka kujua anakolala. Na nataka kujua alifikaje hapo. Usinipe ile habari ya ushujaa."

Alisoma karatasi mpaka mwisho. Kisha akanieleza, na sauti yake ilikuwa ndogo nikalazimika kuacha kumenya ili nisikie.

Kulikuwa na kinu cha kusaga nafaka ng'ambo ya shamba la viazisukari. Wajerumani walikuwa ndani yake na bunduki za rashasha. Amri ilitoka juu: kinu kichukuliwe siku hiyo hiyo. Shamba lilikuwa tupu, halina hata kichaka. Alikuwa na makapteni wawili ambao angeweza kumtuma mmojawapo. Wa kwanza alikuwa mtu mzuri, wa Chicago, mwanasheria, angeuliza maswali. Angesema tungoje giza, angesema tuombe mizinga kwanza. Na pengine angekuwa na haki. Wa pili alikuwa Emil.

Nikamuuliza, "Kwa nini Emil?"

Akasema, "Kwa sababu nilijua hataniuliza. Nilimfundisha mwenyewe asiniulize. Nilimpa mpira akiwa na miaka kumi na minane, nikamwambia pita pale, akapita. Siku ile nilimwonyesha kinu. Akakitazama, akanitazama mimi, akasema, 'Sawa, Kocha.' Hakuniita Jenerali."

Walikuwa watu mia na themanini. Waliofika kwenye kinu ni ishirini na saba, Emil akiwa mmoja wao. Alikaa hai humo mpaka jioni, ana risasi tumboni. Burdick alifika kwa miguu yake na ndipo alipovuta ile hewa ya sumu iliyobaki kwenye mitaro. Alimkuta amekufa nusu saa kabla. Alimzika yeye mwenyewe pamoja na askari wawili, kando ya ukuta wa kinu, mahali palipo na mti wa peasi.

Nikasema kwamba angalau kinu walikipata. Sijui kwa nini nilisema vile, nilitaka kiwepo kitu.

Akaweka kisu chini. "Asubuhi yake tuliamriwa tukiache, Mama Krantz. Mstari wa mapigano ulikuwa umesogezwa. Tulikiacha, na hakuna aliyekihitaji tena."

Sikulia. Nilipanga maganda pembeni ya meza, mafungu mafungu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini mbele yangu alikaa mtu asiye na mke wala mtoto, na uso wake ulikuwa kama wangu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo nililokusudia tangu siku walipomleta Konrad kwenye ubao. Nilimwambia, "Ulinichukulia mmoja. Huyu aliyebaki usimwingize tena uwanjani. Wiki tatu zikipita, daktari akikubali, mtoto akikupigia magoti, usimwingize." Nilimtumia Emil kama fimbo, na nilijua ninachokifanya.

Alikiokota tena kisu. Kisha akasema kwamba hilo atalifanya. Lakini Konrad atadhani kocha ndiye amemkataa. Akaniuliza, "Umwambie wewe, au nimwambie mimi?"

Nikasema, "Asiambiwe."

"Ni mtu mzima, Mama Krantz."

"Hata Emil alikuwa mtu mzima."

Akainamisha kichwa. Kabla hajaondoka alimaliza kumenya kapu lote.

Jumanne, 28 Oktoba
Nimetia alama kwenye kisanduku cha kumwacha Emil huko huko, pamoja na wenzake waliofika naye. Nimesaini na kutuma. Konrad alinisindikiza mpaka posta. Kichwa hakimuumi tena.

Jumamosi, 1 Novemba
Tumeshinda kwa shida, saba kwa sita. Konrad bado amezuiwa na daktari.

Jumatano, 5 Novemba
Jalidi imeunguza kabichi zote zilizobaki bustanini. Wakulima wanavuna mahindi usiku na mchana kabla ya theluji.

Jumamosi, 8 Novemba
Daktari amemruhusu. Konrad alivaa, akakaa benchi, akarudi nyumbani jezi yake haina doa. Tumeshindwa.

Jumanne, 11 Novemba
Leo ni mwaka tangu vita viishe. Mbele ya mahakama waliweka jukwaa na bendera, na Bwana Tibbets akahutubia kwa dakika arobaini. Kisha akamwita Jenerali aseme machache. Watu walitarajia habari za Ufaransa. Jenerali alipanda, akaegemea bakora, akataja majina ya watano wetu, na baada ya kila jina akataja mahali alipokuwa akisimama uwanjani. Fulani, katikati ya mstari. Fulani, kulia. "Emil Krantz. Alibeba mpira." Akashuka. Watu hawakujua kama wapige makofi.

Tibbets alisema ile si hotuba. Nilimwambia kwamba mimi nimeielewa.

Ijumaa, 14 Novemba
Konrad hali. Anasukuma viazi huku na huku. Leo aliniuliza, "Mama, kwa nini ananichukia?" Nikasema hakuna anayemchukia, ale supu. Akasema katika mazoezi yeye ndiye mwenye mbio kuliko wote, na kila mtu anaona, na Kocha anaona, lakini siku ya mechi anampita kwa macho kama benchi tupu. Anafikiri Jenerali akimwona anamwona Emil, na anaona kwamba yeye si Emil.

Jenerali alikuwa chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi. Nilisikia kijiko chake kikitulia kwenye bakuli.

Jumamosi, 15 Novemba
Tumeshindwa. Konrad benchi.

Jumatatu, 17 Novemba
Tibbets alikuja kulalamika, akitaka nimshawishi Jenerali. Anasema mji mzima unauliza. Jumamosi ni Denmore, na hatujawafunga Denmore tangu enzi za Emil. Nikamwambia mimi ni mpishi.

Jenerali anakohoa damu. Anaficha leso, lakini nguo zake ninafua mimi.

Jumanne, 18 Novemba
Nilimfuata Jenerali barabarani nikataka kumwambia amwache Konrad acheze. Tulitembea pamoja mpaka kona ya kanisa. Tukazungumza juu ya theluji.

Jumamosi, 22 Novemba
Nilikwenda. Misimu yote ya Emil sikuwahi kukaa jukwaani, nilikuwa na vyungu. Leo Nettie alinishika mkono akasema vyungu vitajichemsha.

Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Uwanja ulikuwa mgumu kama sahani. Denmore walifunga mapema, wakawa mbele sita kwa bila, na baada ya hapo timu zote mbili zilikuwa zinagongana tu katikati kama ng'ombe kwenye lango. Dakika za mwisho vijana wetu walisogea, na kusogea, mpaka wakafika yadi tatu kutoka mstari wa Denmore. Mbebaji wetu aliumia kifundo, akatolewa anachechemea. Ndipo watu walipoanza. Kwanza wanafunzi, kisha jukwaa lote, miguu ikipiga mbao: Krantz, Krantz, Krantz. Nettie naye alikuwa anapiga.

Konrad alisimama kutoka benchi. Hakusogea. Alisimama tu na kofia yake mkononi, akimtazama Jenerali.

Na Jenerali aligeuka akatazama jukwaani. Alipita nyuso zote hadi akaniona. Alinitazama kama mtu anayengoja neno. Watu elfu mbili hawakujua anatafuta nini. Nilijua. Ningeitikia kwa kichwa mara moja tu, ingetosha.

Nilitazama mikono yangu.

Nilipoinua macho alikuwa ameshamwingiza kijana mwingine, wa mwaka wa kwanza. Alibeba mpira mara tatu na mara tatu wakamzika. Filimbi ikalia.

Watu waliteremka uwanjani. Walimzunguka Jenerali, na mambo waliyomwambia sitayaandika, maana wengine ni watu ninaowauzia mkate. Alisimama katikati yao akiegemea bakora yake. Kisha wakapisha njia, kwa sababu Konrad alikuwa anakuja. Nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia. Hakupaza sauti. Alisema, "Kaka yangu ulimtuma akafe, akaenda. Mimi hunitumi hata yadi tatu."

Jenerali akasema, "Ndiyo."

Hakunitazama. Konrad alingoja sababu, na alipoona haiji akaitupa kofia miguuni pake akaondoka.

Jumapili, 23 Novemba
Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 24 Novemba
Halmashauri imekaa na imemwachisha kazi. Tibbets alikuja mwenyewe kunieleza, na mara hii hakuvua kofia. Anasema waliomba Jenerali ajieleze, wangemsikiliza, ni mtu aliyetumikia nchi. Alijibu kwamba uamuzi ulikuwa wake na hana la kueleza.

Jumanne, 25 Novemba
Jenerali alikuja kuaga akiwa na sanduku moja. Jeshi linampeleka hospitali ya wenye mapafu, milimani Colorado. Nilimwambia nitamweleza Konrad. Akasema nimweleze siku nitakayoweza, nisijilazimishe kwa ajili yake. Nikamwomba msamaha kwa habari ya Jumamosi. Akasema, "Uliniomba nikurudishie mtoto. Hakuna mtu mwingine aliyeniomba jambo ninaloliweza."

Nilimfungia mkate na nyama ya nguruwe. Nilimtazama mpaka alipopita kona, akisimama kila baada ya nyumba mbili kuvuta pumzi.

Alhamisi, 27 Novemba
Sikukuu ya Shukrani. Vijana wengi wamekwenda makwao. Tulikuwa mimi, Konrad na Nettie, na bata mzinga mkubwa kuliko haja. Konrad aliombwa kusali, akasali maneno matano.

Nettie alipoondoka nikamwambia yote. Nilianza na kinu, nikaja kwenye kapu la matufaha, nikamaliza na jukwaa. Sikujitetea. Nilisema, "Ni mimi. Alikuwa anatimiza ahadi aliyonipa."

Aliitazama pai ya maboga. Kisha akasema, "Nilimwona akiangalia jukwaani. Nikadhani anatafuta mwanamke fulani." Akacheka kidogo, na hicho kicheko sikukipenda. "Na wewe ukafanya nini, Mama?"

"Niliinamisha macho."

"Na nilimwambia vile mbele ya watu wote. Akasema ndiyo."

"Alisema ndiyo."

Akasimama. Nilidhani atanipigia kelele, ningeshukuru. Alikusanya sahani, akaziosha zote, akazifuta, akazipanga kabatini. Kisha akapanda juu.

Jumamosi, 29 Novemba
Konrad ameondoka kwa treni ya asubuhi. Amekwenda Colorado. Amechukua koti la Emil.

Jumanne, 2 Desemba
Theluji.

Ijumaa, 5 Desemba
Theluji. Hakuna barua. Vijana wanasema supu haina chumvi.

Jumatatu, 8 Desemba
Nettie alinikuta nimeketi kwenye kiti cha kwanza cha Jenerali, pale penye ndoo ya makaa. Aliniambia watoto hurudi. Nikamwambia mmoja wangu hakurudi. Akaomba radhi, nikamwambia hana kosa.

Jumamosi, 13 Desemba
Nimekwenda posta mara mbili.

Jumanne, 16 Desemba
Barua. Nainakili hapa kwa sababu karatasi yake ni nyembamba na nimeshaifungua mara nyingi.

"Mama, Kocha amefariki Jumatano alfajiri. Nilikuwepo. Nilipofika alinitambua hapo hapo, akaniambia nimekonda. Nilimwomba radhi, akasema tusipoteze pumzi, anazo chache. Hana ndugu, kwa hiyo waliniruhusu kukaa naye. Nilimlisha na kumnyoa. Hakuzungumza vita. Alizungumza mpira. Alisema naubana mpira vizuri lakini naangalia miguu yangu, na kwamba Emil naye alikuwa na kasoro hiyo mpaka alipokuwa mwaka wa tatu. Sikuwa najua kwamba Emil alikuwa na kasoro. Jumanne aliniuliza kama siku ya Denmore nilikuwa tayari kuingia. Nikasema nilikuwa tayari. Akasema, 'Najua. Ungevuka.' Baada ya hapo hakusema la maana.

Walimzika jana. Askari sita walipiga bunduki juu. Mkuu wa hospitali aliniuliza waandike cheo gani msalabani, maana karatasi zake zina vyeo vingi. Niliwaambia waandike Jenerali, halafu nikabadili, nikasema waandike jina tu.

Nimepata kazi hapa hospitalini ya kuwabeba wagonjwa. Wapo mia tatu na wote wanakohoa. Mama, sina hasira kama niliyoondoka nayo, lakini sijui bado nina nini. Konrad."

Alhamisi, 18 Desemba
Nimejaribu kumjibu mara nne. Katika barua ya kwanza nilimwambia arudi kabla ya Krismasi. Katika ya pili nilimweleza juu ya hatari ya ugonjwa wa mapafu na kwamba hospitali si mahali pa kijana aliyewahi kuumia kichwa. Ya tatu ilikuwa kilio kitupu. Zote nimeziweka kwenye jiko.

Ya nne nimeituma leo. Nimemwambia kwamba Nettie hajambo, mahindi yamevunwa yote, na vijana wanamsalimu. Nimemshukuru kwa kumnyoa Jenerali. Nimemwambia kwamba angevuka, na kwamba mimi pia nilijua, hata nilipokuwa naitazama mikono yangu. Juu ya kurudi nimeandika kwamba hilo ni lake kuamua, na sitamuuliza tena.

Kabla ya kuituma nilisimama posta na bahasha mkononi kwa muda mrefu, mpaka karani akaniuliza, "Inaenda, Mama Krantz, au haiendi?"

Nikampa.